Mwaka Niliotembea na Mbwa kwa Kamba

Kamba ya katani ikiloweshwa inanuka kama jasho la mtu aliyelala na homa. Kwetu Ringwani, baba alikuwa akiloweka kamba mpya kwenye ndoo kuukuu kwa siku mbili kabla ya kuitumia, ili ilainike isimchubue ng'ombe shingo, na harufu ile ilijaa uani kote ikichanganyika na ya samadi na ya moshi wa jikoni. Watu wengine hawaisikii kabisa. Mimi mpaka leo nikipita kwenye maduka ya pembejeo hapa Tarime nikakuta kamba zimening'inizwa mlangoni, hasa zikiwa zimenyeshewa, huvuka nikapita upande wa pili wa barabara. Siogopi kamba. Ila harufu ile inanirudisha kwenye mwaka mmoja wa maisha yangu, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ambapo asubuhi na jioni kazi yangu ilikuwa kumfundisha mbwa kutembea kando yangu bila kuvuta. Na ili niuelezee mwaka huo sina budi kuanza na ule uliotangulia, ambao sikumfundisha mbwa yeyote kitu chochote.

Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, mimi Mugesi, na mdogo wangu Marwa aliyekuwa na miaka sita. Mama alijaliwa watoto wawili tu, jambo ambalo ndugu wa baba hawakuacha kulinong'ona kila walipokutana. Nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima chenye mawe makubwa, na shamba letu la mahindi na mtama lilianzia karibu na mlango wa jikoni. Tulikuwa na ng'ombe, mbuzi, na mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya udongo aliyeitwa Kamanda. Kwetu mbwa hafungwi. Kamanda alilala alipotaka, alikula ukoko wa ugali, alifukuza nyani shambani na kubwekea fisi, na hakuna aliyewahi kumwambia aende wapi. Ndiyo maana gari la matangazo lilipopita na kipaza sauti chake, likisema wenye mbwa wote wawapeleke shule ya msingi wakachanjwe kichaa cha mbwa, na baba akaniambia nitampeleka mimi, Kamanda alikuwa hajawahi kuvaa kamba hata siku moja.

Baba alikata kipande cha kamba iliyokwisha kazi kwenye plau, akamfunga shingoni, akanikabidhi. "Mshike vizuri," alisema, kisha akarudi kutengeneza boma la mbuzi. Shule ilikuwa mwendo wa saa moja. Kamanda aliposikia kamba inamkaba alijilaza chini, nikamburuta. Akasimama, akavuta kwenda nyuma, nikamvuta kwenda mbele. Tulisafiri hivyo, tukivutana kama watu wenye ugomvi, mpaka kwenye mashine ya kusaga, na pale tukakuta kundi la mbuzi linavuka njia, pikipiki inapiga honi, na mbwa watano au sita wanaopelekwa kwenye chanjo kama sisi, wote wamesimamisha manyoya. Kamanda aliruka. Nilianguka kwa magoti, nikaburutwa hatua kadhaa kwenye changarawe, na kamba ikakatika palepale ilipokuwa imelika. Nilimwona akipita katikati ya mbuzi na kutokomea mtamani. Watu walicheka. Niliingia nyuma ya mashine, nikakaa kwenye magunia ya pumba hadi nilipowaona wenzangu wakirudi na mbwa wao, kila mmoja ameshika kadi aliyopewa.

Kamanda alikuwa amefika nyumbani kabla yangu. Alikuwa amelala kivulini na kipande cha kamba shingoni, akanipungia mkia.

"Amechomwa?" baba aliuliza bila kuinua kichwa.

"Amechomwa."

"Hakuuma mtu?"

"Hakuuma."

Ilikwisha hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kunichapa. Nadhani ilikuwa aibu. Alikuwa amenipa kazi ya mtu mzima kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye magunia nikinyonya damu ya viganja vyangu. Neno lile lilitoka jepesi sana. Baba hakuuliza kadi, nami jioni ile nilikula vizuri na nikalala vizuri. Hilo nalo nalikumbuka.

Ulipofika wakati wa kuvuna mtama, Kamanda alianza kuwa mkimya. Siku mbili alikataa chakula, mama akasema ni joto. Siku ya tatu Marwa alikwenda kuvuta sufuria la mbwa lililokuwa na ukoko, ili amsogezee karibu, na Kamanda akamuuma kiganja cha kulia. Jeraha halikuwa kubwa. Mama aliliosha kwa maji ya chumvi, akalifunga na kitambaa cha kanga. Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kuazima ungo alisema mtoto apelekwe hospitali akachomwe sindano za mbwa.

"Mbwa huyu amechanjwa," baba alimjibu. "Mugesi mwenyewe alimpeleka."

Akanitazama. Hakuwa akiniuliza, alikuwa akijivunia. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na bado nilitikisa kichwa. Baada ya siku mbili Kamanda aliondoka nyumbani akiyumba kama mlevi, na hatukumwona tena. Baba alidhani amenaswa na waya za wawindaji kule upande wa hifadhi ya wanyama.

Kidonda cha Marwa kilipona kabisa. Wiki nyingi zilipita, mtama ukaingia ghalani, naye alikuwa akicheza kama kawaida. Kisha asubuhi moja akasema mkono unawasha ndani kwa ndani. Kesho yake mama alimpa uji, akaushika, akautazama, koo likamkaza kabla hata hajaonja, akakitupa kikombe na kulia. Upepo ulioingia mlangoni ulimshtua. Alitaka maji, alikuwa na kiu, aliyaomba kwa jina, lakini yakiletwa mwili wote ulijikunja. Tulimpeleka hospitali Mugumu kwa bodaboda, baba nyuma, mimi katikati nikiwa nimemkumbatia, mama akitufuata kwa nyingine, na mate yake yalinilowesha mkono. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kama mtoto ameumwa na mbwa.

"Ndiyo, lakini mbwa alikuwa amechanjwa," baba alisema.

"Kadi yake mnayo?"

Baba aligeuka kunitazama. Sikuweza kuinua macho. Nilitazama sakafu ya saruji ambayo ilikuwa na ufa uliokwenda mpaka chini ya kitanda, na niliufuata ufa ule kwa macho kwenda na kurudi. Kisha nikamsikia baba akimwambia daktari, kwa sauti ya chini, "Hatuna kadi." Hakusema zaidi ya hapo. Mimi na mama na baba tulichomwa sindano, kwa sababu tulikuwa tumegusa mate. Ninaandika jambo hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu sijawahi kulizoea: sindano ambazo Marwa alipaswa kuchomwa, nilichomwa mimi. Yeye alifariki siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, mama akiwa ameshika miguu yake.

Baada ya mazishi nyumba yetu ilinyamaza. Baba hakuwahi kuniuliza. Hakunigombeza, hakunitenga, aliniita jina langu vilevile kama zamani. Mama aliendelea kupika chakula cha watu wanne kwa muda mrefu, kisha akipakua anasimama na mwiko mkononi. Kuna wakati nilikuwa nikichota maji kisimani nasikia miguu midogo ikinifuata nyuma kwenye majani makavu, na nikigeuka sioni kitu. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kutogeuka.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha, baba alikwenda kwa ndugu zake huko Kemambo, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, jike, mweusi mwenye miguu myeupe. Fisi walikuwa wamechukua mbuzi wawili, hivyo mbwa alihitajika. Mama alimtazama mara moja akaingia ndani. Tulimsikia akisema kutoka huko, "Asipewe jina. Sitaki kusikia mtu akimwita mbwa kwa jina hapa kwangu." Baba alitoa kamba kutoka kwenye ndoo, akaikamua maji, akaniwekea mikononi.

"Chanjo ikija, utampeleka wewe," alisema.

Niliipokea. Mpaka leo sijui kama baba alikuwa akiniadhibu au alikuwa akinipa nafasi. Huenda na yeye hakujua.

Aliyenifundisha ni Shangazi Nyangi, dada yake baba, mjane aliyekaa boma la jirani. Shangazi alikuwa akifundisha maksai kulima. Watu waliwaleta ng'ombe dume wakali wasiowahi kuguswa, na baada ya wiki chache waliwachukua wakiwa wanatembea na nira kana kwamba wamezaliwa nayo. Alikuwa na mikono minene na sauti ndogo. Siku ya kwanza alinikuta uani nikimburuta yule mbwa kama nilivyomburuta Kamanda, akasimama akinitazama mpaka nikaona haya.

"Unafanya nini?"

"Namfundisha, Shangazi."

"Unamfundisha kuvuta. Ukivuta, na yeye anavuta. Ng'ombe hivyohivyo, mtu hivyohivyo. Lete hiyo kamba."

Aliitoa shingoni. Alichukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaukata vipande viwili, akavishona kwa uzi wa gunia, kimoja kikapita mbele ya kifua na kingine nyuma ya miguu ya mbele, kisha akafunga kamba mgongoni. Shingo ikabaki huru. Akaniambia niweke dagaa wakavu mfukoni. "Akivuta, simama. Usimvute, usimkemee, simama tu. Akigeuka kukutazama na kamba ikalegea, mpe dagaa, twende. Ikikaza, simama tena." Nikauliza kama ni hayo tu. "Ni hayo tu," alisema. "Wewe ndiye utakayechoka kabla yake."

Alisema kweli. Wiki ya kwanza hatukutoka nje ya ua. Nilipiga hatua mbili, nikasimama. Hatua tatu, nikasimama. Kuku akipita, mbwa anaruka, mimi nasimama kama nguzo huku kamba inanikata vidole, nasubiri. Kuna asubuhi nilisubiri mpaka umande ukakauka miguuni. Lakini siku ya tano au ya sita aliruka kwa kuku, akafika mwisho wa kamba, na badala ya kuendelea kuvuta akageuza kichwa kunitazama mwenyewe, kana kwamba ananiuliza. Kamba ikalegea. Nilisikia kitu kifuani mwangu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Marwa alipokuwa hai. Nikampa dagaa watatu badala ya mmoja. Shangazi, aliyekuwa akitazama kutoka upande wa pili wa uzio, alisema neno moja tu, "Taratibu," na kuanzia hapo nikawa nalisema kila tunapoanza kutembea. Taratibu. Taratibu. Sikujua kwamba nilikuwa nikimpa jina.

Kutoka uani tulihamia kwenye njia ya kisimani, kisha kando ya boma la mbuzi. Shangazi alikuwa na mpangilio wake: kwanza tupite mbali mahali ambapo mbuzi wanaonekana wadogo, na siku akiweza kuwatazama na kurudisha macho kwangu, kesho tusogee hatua kumi. Akishindwa, turudi nyuma, na hakuna aliyekosa, ni kwamba tumeharakisha. Hilo la kutokuwa na mkosaji lilinikera. Nilikuwa nimezoea kuwa mkosaji, na nilitaka awepo.

Siku moja mbuzi walitoka ghafla kwenye kona, mbwa akaruka kwa nguvu zake zote, nami nikateleza nikaanguka kwa goti. Niliona tena kokoto, nikasikia tena vicheko vya mashineni. Nilinyanyuka nikamchapa kwa ncha ya kamba, mara tatu, nne, nikipiga kelele ambazo hata sikuzitambua kuwa ni zangu. Hakukimbia. Alilala chali akajikojolea. Shangazi alikuja akaniondolea kamba mkononi polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Umemchapa mbele ya mbuzi," alisema. "Sasa ameshajua mbuzi ndio wanaoleta fimbo. Kesho akiwaona atakuwa mkali zaidi, na utasema ana roho mbaya."

Nilikaa chini nikalia. Na nikiwa nalia nikamwambia yote, mbuzi, kamba iliyokatika, magunia ya pumba, "amechomwa," na jirani aliyekuja kuazima ungo. Nilimwambia nikitazama miguu ya mbwa. Nilipomaliza, Shangazi alikuwa akichana majani kwa vidole.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na mbwa ambaye hajawahi kufungwa, na kamba iliyooza. Mbwa kukutoroka, hilo si lako peke yako. Kuna mtu mzima aliyekupa kamba ile." Kisha akanishika kidevu ili nimtazame. "Lakini ule uongo ni wako, Mugesi. Huo siwezi kukubebea."

Watu wamenifariji kwa maneno mengi mazuri tangu wakati ule, na sikumbuki hata moja kati yake kama ninavyokumbuka hayo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukipima kitu kile na kuniambia uzito wake halisi, usiozidi wala kupungua. Aliniuliza kama nitamwambia mama. Nikasema siwezi. Hakunilazimisha. Alinirudishia kamba akaniambia tuanze tena, mbali na mbuzi, kama siku ya kwanza.

Ilituchukua karibu wiki tatu kurudi mahali tulipokuwa kabla sijamchapa. Mbwa alikuwa akinywea nikiinua mkono hata kujikuna. Nilijifunza kutembea nimeshusha mabega, kupumua kabla ya kona, kutazama mbele kuona kinachokuja kabla yeye hajakiona. Nilianza kuijua njia ile kwa macho ya mbwa: hapa pana harufu ya kicheche, hapa watoto wa shule hurusha mawe, hapa bodaboda hutokea bila sauti kwa sababu ya mteremko. Na palikuwa na mahali pengine, kwenye jiwe bapa karibu na kisima, ambapo Marwa alikuwa akikaa kunisubiri nichote maji. Pale mbwa alikuwa akisimama kila siku bila sababu. Havuti, hanusi. Anasimama, anainua masikio, anatikisa mkia taratibu kuelekea kwenye jiwe tupu. Mara ya kwanza nywele zilinisimama. Nilimpa dagaa ili tuondoke, akakataa dagaa.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya kilima, tulikuwa tumesimama pale hivyohivyo nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa mama, na ndoo kichwani. Tangu mbwa afike hakuwahi kumkaribia. Alishusha ndoo.

"Anaona nini?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Husimama hapa kila siku?"

"Kila siku."

Mama alitazama jiwe. Akasogea, akakaa juu yake, upande mmoja, kama anayemwachia mtu nafasi. Mbwa alimfuata, kamba ikiwa imelegea kabisa, akamwekea kidevu pajani. Mama alikawia, kisha akaweka mkono juu ya kichwa chake. Nilikuwa na sentensi yangu mdomoni, nilikuwa nimeifikisha kwenye meno, na nikaimeza. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefuatana, mama mbele na ndoo yake, na mbwa katikati yetu.

Gari la matangazo lilikuja mwaka huo mtama ukiwa bado mbichi. Niliposikia kipaza sauti nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Asubuhi ya chanjo baba alitoka akaukagua mkanda wa mpira, mshono kwa mshono, akaivuta kamba kwa nguvu zake zote kwa mikono miwili kuona kama itakatika. Haikukatika. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake shambani.

Njia ilijaa. Sijawahi kuona mbwa wengi vile kwa siku moja: waliofungwa kwa kamba za manila, kwa minyororo, kwa vipande vya kanga, wengine wamebebwa mabegani kama mbuzi, wengine wanaburutwa wakilia, na watoto wanalia pamoja nao. Nilitembea pembeni kabisa, nikisema taratibu, taratibu, na sijui kama nilikuwa nikimwambia mbwa au mimi mwenyewe. Mashineni injini ilikuwa inanguruma. Mbuzi walikuwepo. Nilisimama mbali nikamwacha atazame. Alitazama, masikio mbele, mwili wote umekaza kama waya. Nilihesabu pumzi. Akageuza kichwa kunitazama. Tukapita.

Tulipokaribia uwanja wa shule, dume moja kubwa la mbwa lilikata mnyororo likatujia moja kwa moja, kichwa chini. Watu walipiga kelele, mtu akaokota jiwe. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuvuta ile kamba na kukimbia. Nakumbuka vizuri kwamba nililegeza mkono. Nililigeuzia mgongo dume lile, nikatembea mduara mpana, polepole, nikisema neno letu, na mbwa wangu akatembea nami akitetemeka, bega lake likigusa goti langu hatua kwa hatua. Dume lilitufuata kidogo, likanusa, likaona hakuna ugomvi, likageukia wengine. Nilikaa chini katikati ya foleni, naye akakaa.

Mezani kulikuwa na mama mmoja wa mifugo mwenye daftari. "Mbwa anaitwa nani?" Mama yangu alikuwa amekataza asipewe jina. Mwenye daftari aliuliza tena, watu nyuma yangu wakaanza kuguna, nikasema, "Taratibu." Alicheka, akaandika. Sindano ilichukua muda mfupi kuliko kulisema jina hilo.

Baba alikuwa amekaa mlangoni niliporudi. Nilimpa kadi kwa mikono miwili. Aliisoma yote, mbele na nyuma, midomo ikitembea, kisha akaingia ndani akaiweka kwenye mkebe wa kadi za kliniki, yangu na ya Marwa. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Umefanya vizuri," alisema. Alinigusa begani, akaenda kuwafungulia mbuzi. Katika maisha yake yote hakuna siku nyingine tuliyolikaribia jambo lile zaidi ya hapo. Alifariki nikiwa nimeshaolewa, na nilisimama kaburini kwake nikiwa bado sijamwomba msamaha kwa mdomo.

Sasa ninaishi Tarime mjini, ninashona sare za shule, na mama amehamia kwangu. Mwaka jana, siku ya kawaida tu, tulikuwa tumekaa tunachambua maharage, nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nilisema kwamba Kamanda hakuchomwa sindano, kwamba nilidanganya, kwamba Marwa angepona. Mikono yake haikusimama.

"Baba yako aliniambia," alisema.

"Lini?"

"Tulipotoka kumzika."

Miaka yote ile, meza zote tulizokula pamoja, jioni ile kwenye jiwe, alijua. "Mbona hamkuniambia kwamba mnajua?"

"Tukuambie ili iweje?" Alitupa kokoto pembeni. "Tulikuwa tumebaki na wewe peke yako."

Jibu hilo ningepaswa kulipokea kama baraka, na kuna siku huwa hivyo. Siku nyingine nawaona watu watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na kila mmoja anaumwa peke yake. Siku hizi mambo ni mepesi kuliko enzi zile. Mtoto akiumwa na mbwa, shuleni walishamfundisha aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, simu inapigwa, bodaboda iko mlangoni. Lakini binti yangu wa miaka tisa akiniambia jambo harakaharaka bila kunitazama, moyo wangu unasimama. Humwita, humkalisha, humwambia alirudie polepole, na kwamba hata likiwa baya vipi hatanipoteza. Juzi alichoka, akaniuliza kwa nini namuuliza kila kitu mara mbili. Nikamwambia alikuwa na mjomba aliyeitwa Marwa.

"Nani?" aliuliza. Alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo.

Katika chumba cha pili, mama yangu alizima redio ili asikie.